Mbona Bado Nabeba Kitabu cha 1981 Kwenda Tamashani

Nikipangiwa, kwenye tamasha la michezo ya mezani, meza ya watu sita ambao simjui hata mmoja, na muda wa saa nne tu kabla meza haijachukuliwa na kundi jingine, siendi na mchezo mpya. Nabeba kijitabu chembamba cha kanuni za Dungeons & Dragons, kurasa 64, kilichochapwa mwaka 1981, dadu za kutosha, penseli zilizochongwa na karatasi za miraba. Wenzangu hunitania kwamba nimekwama zamani. Huenda. Lakini nimeendesha michezo ya zamani na ya kisasa kwenye makumbi yenye kelele za kila namna, na naona ya zamani ndiyo inayowafaa zaidi watu wasiojuana. Tena sababu yake si kumbukumbu tamu za utotoni. Michezo hii ilizaliwa kwenye matamasha, na ukiifungua utaona alama za kuzaliwa kwake kila ukurasa.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii: mtu mmoja ni mwamuzi, anaeleza mahali mlipo na yanayotokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na kila mmoja anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo lisilo na uhakika linaamuliwa kwa dadu. Hakuna anayeshinda mchezo mzima, na si lazima kuwe na ubao. Mengine utayajua ukikaa.

Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, sanduku dogo lenye vijitabu vitatu, na nakala 1,000 za mwanzo zilipangwa kwa mkono na watu wa TSR wenyewe. TSR ilikuwa kampuni changa kabisa, iliyoanzishwa na Gary Gygax na rafiki yake Don Kaye mwaka mmoja kabla. Waandishi wa mchezo walikuwa wawili: Gygax wa Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota. Walikutana wapi? Tamashani. Mwaka 1968 Gygax alikodi ukumbi wa Horticultural Hall pale Lake Geneva kwa dola 50, wapenzi wa michezo ya vita wapate pa kukutana na kupanga majeshi yao ya vinyago. Hiyo ndiyo Gen Con ya kwanza. Mwaka uliofuata Arneson akaja, wakafahamiana, na uandishi wao wa pamoja ukaanzia hapo.

Arneson alikuwa ameonja jambo fulani kwao. Mwenzake mmoja, David Wesely, aliwahi kuandaa mchezo wa vita uitwao Braunstein ambamo wachezaji hawakupewa majeshi peke yake. Wengine walipewa mtu mmoja mmoja wa mjini, kila mtu na shabaha yake ya siri. Mambo yakavurugika, watu wakaanza kuvutana pembeni na kupanga njama, na mwandaaji mwenyewe akadhani mchezo umeharibika. Wachezaji wakaomba urudiwe. Arneson akalichukua wazo hilo, akalipeleka kwenye ngome na mahandaki ya nchi yake ya kubuni, Blackmoor, na mwaka 1972 akaenda kumwonyesha Gygax. Mwaka 1974 sanduku likawa madukani.

Nimeyaeleza haya kwa sababu watu hudhani matamasha yalikuja baadaye, mchezo ulipokwisha kuwa maarufu. Ukweli ni kinyume. Tamasha lilitangulia mchezo kwa miaka sita.

Tena angalia mikasa yenyewe, yaani visa vilivyoandikwa tayari ili mwamuzi aviendeshe mezani, ile tunayoiita ya kale. Tomb of Horrors, kaburi linalotajwa kwa hofu hadi leo, Gygax aliliendesha kama mashindano kwenye tamasha la Origins la kwanza, Baltimore, mwaka 1975. Kuchapishwa kulifuata mwaka 1978. Karibu na mwanzo wa kaburi kuna uso mkubwa wa shetani wa kijani ukutani, mdomo wazi, ndani giza tupu. Anayejipenyeza mdomoni anatoweka kabisa: hakuna dadu ya kumwokoa, hakuna mwili wa kuzikwa. Ukiusoma mkasa huo nyumbani utasema mwandishi ana roho mbaya. Ukiuweka kwenye mashindano unaeleweka mara moja. Timu nyingi zinapita njia ile ile, na unahitaji kujua ipi ilifika mbali zaidi. Mtego usio na huruma ndio kipimo.

Baadaye TSR wakaacha kuficha. Mikasa yenye herufi C kwenye jalada ilikuwa ya mashindano waziwazi. Wa kwanza, The Hidden Shrine of Tamoachan, ulichezwa Origins mwaka 1979 na ukachapishwa mwaka uliofuata pamoja na utaratibu wake wa kutoa alama. Wahusika wanaangukia kwenye magofu yaliyojaa hewa ya sumu, na kadiri wanavyokawia ndivyo uhai unavyowapungua. Ni njia safi ya kulazimisha mambo yaishe kabla kipindi hakijaisha. Kisha ukaja mfululizo wa mabwana wa utumwa, ulioandaliwa kwa mashindano ya Gen Con ya 1980. Sehemu yake ya mwisho inaanza na wahusika wakiwa wamefungwa chini ya ardhi bila silaha, bila mwenge, bila vazi la maana. Wachezaji waliokuwa wakitegemea panga zao za kichawi wakajikuta wana mawe, vipande vya miti na akili walizokuja nazo. Kwa maoni yangu hakuna fainali iliyowahi kubuniwa kwa werevu zaidi ya ile.

Sasa turudi kwenye kile kijitabu cha kurasa 64. Ni toleo la Basic lililohaririwa na Tom Moldvay mwaka 1981, na kazi yake ni kuwafikisha wahusika daraja la tatu tu. Kutengeneza mhusika ni kurusha dadu tatu mara sita, kwa mpangilio. Dakika kumi, watu sita wako tayari, pamoja na yule aliyechelewa kwa sababu alipotea kwenye korido. Mchawi wa daraja la kwanza anaweza kufanya uchawi mmoja tu kwa siku, na uhai wake ni dadu ya pande nne. Ukirusha ukapata moja, paka akimparua amekwisha.

Wanaolizoea toleo la kisasa wakifika hapa huguna. Mhusika wao wa kawaida ana karatasi iliyojaa uwezo wa kila aina; huyu wangu ana mistari michache na panga. Lakini kitu kinachokosekana kwenye karatasi ya mhusika kipo kwenye taratibu za mwamuzi, na taratibu hizo ndizo utajiri wa kitabu. Muda wa mahandakini unahesabiwa kwa mizunguko ya dakika kumi. Mwenge unawaka mizunguko sita. Kila mizunguko miwili mwamuzi anarusha dadu ya pande sita, na ikitoka moja kuna kitu kinakuja huko gizani. Kupekua chumba ni mzunguko, kutembea na kuchora ramani ni mzunguko. Basi kila swali dogo, tupekue au tusipekue, lina gharama yake, na wachezaji wasiojuana wanapata la kujadiliana bila mwamuzi kuwachochea.

Halafu kuna jedwali ninalolipenda kuliko yote katika historia ya mchezo huu. Mkikutana na viumbe ambao mwamuzi hajui watawachukuliaje, anarusha dadu mbili za pande sita na kujumlisha. Mbili: wanashambulia papo hapo. Tatu hadi tano: wana uadui, huenda wakashambulia. Sita hadi nane: hawajui la kufanya, wanasitasita. Tisa hadi kumi na moja: hawashambulii, wanaondoka au wako tayari kusikiliza. Kumi na mbili: urafiki wa moja kwa moja. Piga hesabu. Dadu mbili zina michanganyiko 36, na mmoja tu kati ya hiyo ndiyo vita ya lazima. Michanganyiko 16, karibu nusu, inaangukia kwenye kusitasita. Yaani mchezo unaosifika kwa kuchinja majoka umeandikwa hivi kwamba mara nyingi zaidi kiumbe mbele yako anasubiri useme kitu.

Ongeza kanuni ya pili: pointi za uzoefu zinatokana zaidi na hazina kuliko na kuua. Sarafu moja ya dhahabu uliyoitoa salama ni pointi moja. Goblini (zimwi dogo) ukimuua anakupa pointi 5 tu, na anaweza kukuua wewe. Mwizi anahitaji pointi 1,200 kufika daraja la pili, mpiganaji 2,000. Hesabu inajisema yenyewe: ukiweza kuichukua hazina bila kupigana, umecheza vizuri.

Nilikaa kwenye meza moja ambako haya yote yalionekana kwa mpigo. Mwamuzi alikuwa mzee mmoja mkimya, mwenye daftari lililochakaa, asiyetumia ile kadi ndefu ambayo waamuzi huficha dadu zao nyuma yake. Dadu alizirusha mbele yetu sote. Tulikuwa sita: wapiganaji wawili, kasisi, wezi wawili na mchawi ambaye uchawi wake wa kulaza usingizi ulikuwa umetumika chumba kilichotangulia. Mwenge wetu ulikuwa umebaki mzunguko mmoja. Tukasukuma mlango, tukakuta magoblini wamezunguka sufuria. Mzee akarusha dadu mbili. Tatu na nne.

"Wameduwaa," akasema. "Mmoja ana kijiko mkononi. Anauliza, nyie ni akina nani?"

Kimya. Nilimwona kijana aliyekaa mkabala nami akiipitia karatasi yake juu mpaka chini akitafuta uwezo wa kuzungumza, na karatasi haikuwa na kitu cha namna hiyo. Mama mmoja aliyekuwa akituchorea ramani, ambaye tangu tuanze alikuwa hajasema zaidi ya "futi ngapi?", akainua uso kutoka kwenye miraba yake.

"Sisi ni watoza kodi."

Mzee hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa sauti ya goblini aliyekerwa: "Kodi tumeshalipa."

"Risiti iko wapi?"

Kuanzia hapo meza ikawa yetu sote. Kijana wa mkabala akajitangaza kuwa karani. Kasisi akaanza kukagua sufuria kwa kisingizio cha afya ya jamii. Mwizi mmoja akaniambia kwa kunong'ona kwamba amehesabu milango miwili nyuma yao. Magoblini wakaanza kulaumiana: nani aliyepokea risiti, nani aliyeipoteza. Mzee akarusha dadu tena, safari hii akiongeza moja kwa ajili ya ile hoja ya risiti, ikatoka kumi. Wakatupa gunia la sarafu za fedha 300, tukatoka kinyumenyume mwenge ukififia. Kwa kanuni za kitabu fedha kumi ni dhahabu moja, kwa hiyo ni dhahabu 30, kila mhusika pointi 5. Mpiganaji alikuwa bado anadaiwa pointi kama 1,995. Hakuna aliyejali.

Mtu anaweza kusema mwamuzi hodari angefanya hivyo kwa kanuni zozote. Kweli. Ila kanuni za kisasa zingempa kijana yule kitu cha kurusha: ana ushawishi kiasi gani, rusha dadu, umefaulu, tuendelee. Pengo kwenye karatasi yake ndilo lililomfanya yule mama aongee. Na wageni wanaohitaji kuanza kuongea haraka wanafaidika na mapengo zaidi ya wanavyofaidika na orodha za uwezo. Nyumbani, na marafiki wa miaka, sina ubishi. Chezeni mnachotaka, mtafurahi hata mkicheza kwa kijiti na kokoto.

Si Dungeons & Dragons (D&D) peke yake. Traveller ya 1977, mchezo wa safari za anga wa Marc Miller, ina utaratibu wa kumtengeneza mhusika ambao ni kamari tupu: unampeleka jeshini au kwenye meli za biashara kwa vipindi vya miaka minne minne, na kila kipindi unarusha dadu kuona kama amenusurika. Katika kanuni za mwanzo, asiponusurika amekufa, na hujaanza hata kucheza. Kwenye tamasha nimeona waamuzi wakiligeuza hilo kuwa tukio la saa nzima, meza nzima ikimshangilia mtu anayejadiliana na nafsi yake kama aombe kipindi cha nne. Call of Cthulhu, iliyoandikwa na Sandy Petersen na kutolewa na Chaosium mwaka 1981, ni tamu kwa kipindi kimoja kwa sababu nyingine: mhusika ana akiba ya akili timamu inayopungua kila anapoona yasiyopaswa kuonwa, na kwa kuwa hutamhitaji tena kesho, huna haja ya kumwonea huruma. Paranoia ya 1984 imekwenda mbali zaidi. Kila mhusika anakuja na nakala zake, sita kwa jumla, maana wachezaji wanatarajiwa kusalitiana na kuuana chini ya kompyuta inayojiita rafiki yao. Jaribu kuicheza kwa mwaka mzima, mtachukiana. Kwa saa nne na watu usiowajua, ni kicheko mwanzo mwisho.

Sitaki kuipaka mafuta michezo hii. AD&D (Advanced Dungeons & Dragons), ile ya majalada magumu iliyotoka kati ya 1977 na 1979, ina kanuni za kupigana mieleka ambazo sijaona meza ikizitumia hadi mwisho bila mtu kuinua mikono. Ina majedwali juu ya majedwali, na mengine yamezikwa mahali ambapo hakuna mwenye akili timamu angeyatafuta. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kinaweka kikomo cha nguvu kwa wahusika wa kike kilicho chini ya kile cha wanaume. Kanuni ya hovyo mwaka ule, kanuni ya hovyo leo, na sijawahi kukaa na mwamuzi anayeifuata. Ukikaa naye, simama uondoke. Kuna na wazee fulani wa michezo, wachache lakini wana sauti, wanaodhani ukale wa kitabu unawapa wao mamlaka ya kuwanyanyasa wageni. Mitego ya Tomb of Horrors ni ya wahusika. Wachezaji wamekuja kufurahi.

Na vifaa vya zamani havikuwa vizuri kama watu wanavyokumbuka. Dadu za mwanzo zilikuwa za plastiki laini, pembe zikilika upesi mpaka ile ya pande ishirini inabingirika kama gololi. Baadhi ziliuzwa namba zake zikiwa hazina rangi, na ndani ya sanduku ukakuta krayoni ya kujazia mwenyewe. Kuna kipindi dadu ziliadimika kiasi kwamba masanduku yaliuzwa na vipande vya karatasi vyenye namba, unavikata, unavitia kikombeni na kuchomoa. Mkusanyaji akikuonyesha hivyo vipande anavishika kama vito. Mimi nachukua dadu za kisasa, asante.

Bahati ni kwamba leo huhitaji kuuza figo ili kucheza kanuni za kale. Mwaka 2000 Wizards of the Coast, walioinunua TSR mwaka 1997, walitoa leseni huria iliyoruhusu wengine kutumia sehemu kubwa ya kanuni. Watu wajanja wakaona kwamba kwa leseni hiyo unaweza kuziandika upya hata zile za zamani. OSRIC ikatoka mwaka 2006 kufufua AD&D; zikafuata nyingine nyingi, na Old-School Essentials ya Gavin Norman imeipanga kazi ile ya 1981 vizuri kiasi kwamba mezani mimi hutafuta kanuni humo, ingawa kijitabu cha zamani kiko mbele yangu kwa ajili ya mahaba. Goodman Games nao, na Dungeon Crawl Classics yao ya 2012, wakatuletea utaratibu unaofaa sana matamasha: kila mchezaji anaanza na watu kadhaa wa kawaida, mkulima, mwashi, muuza jibini, anawaingiza shimoni, na anayetoka hai ndiye mhusika wake. Mwanzoni mwa 2023 kukazuka rabsha pale Wizards of the Coast walipotaka kuibadilisha ile leseni ya 2000. Wachezaji na wachapishaji wadogo wakaja juu, na kabla Januari haijaisha kanuni za msingi za toleo la tano la D&D zilikuwa zimewekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, ambayo haiwezi kurudishwa nyuma.

Kuhusu matamasha yenyewe, ukubwa umebadilika kuliko kitu kingine chochote. Gen Con iliyoanza na karibu watu mia imehama Lake Geneva, ikapita Kenosha, ikakaa Milwaukee tangu 1985, na tangu 2003 iko Indianapolis, kila majira ya joto, siku nne, na sasa inavuta zaidi ya watu 70,000. Inamwagika kutoka ukumbi wa mikutano hadi hotelini na kwenye uwanja wa mpira wa jirani. Nafasi za mezani zinagombaniwa miezi kabla, kwa orodha ya matakwa unayoituma mtandaoni na kuomba Mungu. Usikate tamaa ukikosa. Kuna tiketi za jumla zisizo na jina la mchezo. Unakwenda nayo mezani muda ukifika, unasimama pembeni kwa adabu, na aliyelala kwa uchovu wa jana anakuachia kiti. Michezo ya asubuhi ya Jumapili ndiyo yenye viti vitupu zaidi, na waamuzi wake huwa ama wamechoka kabisa ama ni wa ajabu.

Pale ukubwa huo unaponishinda ni kelele. Kwenye ukumbi mmoja mkubwa, ambao sitautaja, tuliwekwa meza za duara zilizobanana hadi nilimsikia joka wa meza ya jirani vizuri kuliko mwamuzi wetu. Kanuni za zamani zilikuwa na jibu hata kwa hilo: msemaji. Kundi linamteua mmoja anayekusanya maamuzi ya wote na kumwambia mwamuzi, tunafanya hivi. Watu wengi wa leo wanaiona kanuni hiyo kama kuwafunga midomo. Iweke kwenye meza ya watu wanane katikati ya makelele uone inavyookoa jahazi.

Ndiyo maana moyo wangu uko kwenye matamasha madogo. Gygax alipofariki Machi 2008, marafiki zake walibaki pamoja baada ya mazishi wakacheza. Mkusanyiko huo ukawa Gary Con, unaofanyika Lake Geneva kila mwaka karibu na Machi. Siku hizi uko kwenye hoteli ya Grand Geneva, na wanaopenda mambo ya kale hufurahia kwamba hoteli hiyo hiyo, ilipokuwa mali ya kampuni ya Playboy, iliipokea Gen Con ya 1977. Si dogo tena sana, lakini bado unaweza kukaa na mtu aliyekuwepo miaka ya sabini, akakuonyesha ramani aliyoichora wakati huo kwa penseli, na ukagundua kwamba korido zake zimepinda kwa sababu karatasi ilikuwa imeisha.

Kama unafikiria kwenda kwa mara ya kwanza, kokote liliko tamasha lililo karibu nawe, mambo machache. Soma maelezo ya meza: ukiona "wahusika wapo tayari" na "wanaoanza wanakaribishwa", jiandikishe bila kusita. Ukiona maelezo ya nusu ukurasa kuhusu historia ya ufalme wa kubuni wa mwamuzi, pita. Usijaze siku kwa vipindi vitatu mfululizo. Cha tatu utakuwa unasinzia na wenzako watalipia. Nenda kwenye mnada wa vitabu vya zamani hata kama hununui, kwa sababu watu walioketi karibu nawe watakueleza kila kitu kinachopita mbele, utake usitake. Kula kabla ya kipindi. Na ukipewa kazi ya kuchora ramani, ikubali.

Mimi kwa tamasha lijalo nimeomba kuendesha Tamoachan kwa utaratibu wake wa mashindano: timu za watu watatu watatu, karatasi ya alama, na saa mezani ambayo kila mtu anaiona. Msimamizi wa ratiba ameniuliza kama nina hakika nataka kuhesabu alama za watu saa tatu usiku. Nimemjibu ndiyo, mradi anitafutie meza iliyo mbali na ile ya joka.